Senti Isiyogawanyika: Tokeni za Kodi ya Mauzo na Wanaozikusanya

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa maktaba ya wilaya, mbele ya madiwani, watumishi wa idara ya fedha, walimu, wafanyabiashara wa soko na wanafunzi. Inachapwa hapa kwa ukamilifu wake.



Siku hizi neno tokeni likitamkwa, kila mwenye mita ya LUKU nyumbani kwake hukumbuka zile tarakimu ishirini zinazorudisha taa usiku. Tokeni zinazozungumzwa leo ni za ukoo mwingine. Ni vipande vidogo vya alumini, shaba, zinki, plastiki na hata karatasi ngumu, ambavyo majimbo kumi na mawili ya Marekani yaliviweka mikononi mwa wananchi kuanzia mwaka 1935, ili mnunuzi aweze kulipa kodi iliyo ndogo kuliko senti moja. Leo havina matumizi yoyote dukani. Viko katika masanduku na albamu za wakusanyaji, wengi wao watu wa kipato cha kawaida, ambao wamejitwisha kazi ya kutunza kile ambacho serikali zilizokitoa zilikitupa bila majuto.

Huenda mtu akauliza chombo kama hicho kinaihusu nini halmashauri ya wilaya. Jibu limo ndani ya kipande chenyewe. Kilitengenezwa kwa sababu ya swali ambalo hakuna mkusanya ushuru, wa zamani wala wa sasa, aliyefanikiwa kulikwepa: maskini atatozwaje fungu lake bila kutozwa zaidi ya fungu lake?

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani baada ya mwaka 1929, majimbo yalijikuta bila fedha. Kodi ya nyumba na mashamba, ambayo ndiyo iliyokuwa nguzo ya mapato yao, ilianguka, kwa kuwa mwenye shamba hakuwa na wa kumuuzia mazao na mwenye nyumba hakuwa na mpangaji wa kulipa. Wakati huohuo waliohitaji msaada waliongezeka kila juma. Zaidi ya majimbo ishirini yaligeukia kodi ya mauzo: kila anayenunua kitu dukani aongeze kidogo juu ya bei, na muuzaji apeleke nyongeza hiyo serikalini. Viwango vilikuwa vya chini, asilimia moja, mbili au tatu. Kwa mtu anayenunua gari, asilimia mbili haileti utata. Huhesabiwa kwa dola na kulipwa. Utata ulikuwa kwa anayenunua kipande cha sabuni.

Hesabu yake ni nyepesi, na ni vema ifuatwe polepole kwa sababu habari yote imejengwa juu yake. Kodi ya asilimia mbili juu ya bidhaa ya senti kumi ni sehemu mbili za kumi za senti. Sarafu ndogo kuliko zote nchini humo ilikuwa senti moja. Mwenye duka alikuwa na njia mbili. Angeweza kuisamehe kodi hiyo na kuilipa mwenyewe kutoka katika faida yake, jambo ambalo duka dogo halingelimudu muda mrefu. Au angedai senti nzima, na hapo asilimia mbili iliyotamkwa na sheria iligeuka kuwa asilimia kumi kaunta ilipofikiwa. Kwa bidhaa ya senti tano, senti hiyo moja ilikuwa asilimia ishirini.

Basi wafikiriwe wanawake wawili. Wa kwanza ana uwezo. Hununua bidhaa zake za siku kwa mara moja, zote za senti hamsini, na kulipa kodi ya senti moja, sawasawa na sheria. Wa pili hupata fedha kwa vipande, kibarua cha asubuhi na kibarua cha jioni. Hununua bidhaa zilezile kwa safari tano, senti kumi kila safari, na kila safari huachia senti moja ya kodi. Jioni amelipa senti tano. Nyumba mbili, kikapu kimoja, na aliye maskini amelipa kodi mara tano ya mwenzake. Yeyote anayejua namna mafuta ya kupikia yanavyouzwa kwa kipimo cha kibaba katika mitaa ya miji, na sukari katika vifuko vya robo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa kuigawa senti. Wamarekani tangu zamani walikuwa na jina la sehemu ya kumi ya senti, yaani sehemu ya elfu ya dola, waliiita mili. Lilikuwa neno la vitabu vya hesabu na vya kodi ya majengo. Hapakuwa na sarafu ya mili. Sasa ikatengenezwa tokeni kwa thamani hiyo. Mnunuzi wa sabuni ya senti kumi alitoa senti kumi na moja, akarudishiwa tokeni zenye thamani ya mili nane. Kesho yake alitoa senti kumi na tokeni za mili mbili, na deni lake kwa serikali likaishia hapo. Yule mama wa safari tano alilipa mwisho wa siku senti moja, kama mwenziwe.

Wazo hilo halikuanzia katika ofisi kubwa. Katika jimbo la Illinois, kabla serikali ya jimbo haijachukua hatua, miji na vyama vya wafanyabiashara vilijitolea tokeni zao wenyewe, nyingi zikiwa za robo senti. Kila mji ulikuwa na umbo lake na maandishi yake. Tokeni ya mji mmoja haikuwa na thamani katika mji wa jirani, na msafiri alirudi kwake na mfuko uliojaa vipande visivyopokelewa na mtu. Ndizo hizi, tokeni za mabaraza ya miji midogo, zinazotafutwa mno na wakusanyaji leo. Zilitolewa chache, zikatumika muda mfupi, na hapakuwa na aliyefikiri kwamba ziwekwe akiba.

Serikali ya shirikisho haikupendezwa. Kwa katiba ya Marekani, kupiga sarafu ni haki ya taifa peke yake, na vipande vya alumini vilivyopita mkono kwa mkono badala ya fedha vilifanana mno na sarafu. Mwaka 1935 Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, alipendekeza taifa lenyewe litoe sarafu ya nusu senti na ya mili moja, ili majimbo yaachane na shughuli hiyo. Bunge halikupitisha pendekezo hilo. Majimbo nayo yalijitetea kwa hoja ya kisheria iliyo na ujanja wa kustahili kutajwa: kipande hiki si fedha, ni stakabadhi. Kinathibitisha kuwa mwenye nacho amekwisha lipa kodi mapema, na akikitoa dukani hanunui kitu kwacho, bali anaonyesha kwamba hadaiwi. Hoja ikasimama, na tokeni zikaendelea.

Jimbo la Washington lilianza kuzitumia jimbo zima mwezi Mei 1935. Tokeni yake ya alumini ina tundu katikati na inataja sheria iliyoizaa, Sura ya 180 ya Sheria za 1935, kisha inaeleza kazi yake: kodi ya manunuzi ya senti kumi au pungufu. Hakuna picha ya kiongozi, wala ndege, wala ngao. Illinois ilifuata mwaka huohuo na tokeni ya mili moja na nusu, thamani ambayo humshangaza kila anayeiona mara ya kwanza hadi apige hesabu: asilimia tatu ya senti tano ni mili moja na nusu barabara. Baadhi ya tokeni za jimbo hilo ni za mviringo na nyingine zina pembe nne. Arizona, Colorado, New Mexico, Utah, Oklahoma, Kansas, Missouri, Louisiana, Mississippi na Alabama zilikamilisha idadi.

Missouri inastahili kituo kirefu zaidi. Ilipoanza mwaka 1935 haikuwa na tokeni za chuma. Ilitumia viduara vya karatasi ngumu, vya namna ileile iliyofunikia midomo ya chupa za maziwa, vikapigwa chapa ya mili moja au mili tano. Wananchi waliviita vifuniko vya maziwa, wala hawakuviita hivyo kwa heshima. Vililowa, vilipinda, vilichanika kingo; vikisahauliwa mfukoni siku ya kufua, kodi ya serikali ilitoka kwenye beseni ikiwa uji. Baadaye jimbo likahamia kwenye zinki, na vita vilipokuja na kuhitaji madini, likatoa za plastiki: nyekundu kwa mili moja, kijani kwa mili tano. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye tokeni za Missouri za vipindi vyote vitatu ana mezani pake historia fupi ya uchumi wa nchi, kutoka umaskini wa karatasi, kupita zinki ya miaka ya unafuu, hadi plastiki ya wakati wa vita. Majimbo mengine nayo yalibadilika vivyo hivyo wakati wa vita; mengine yalitumia nyuzi zilizoshindiliwa hadi zikawa ngumu kama ubao mwembamba.

Maandishi ya tokeni hizi husomeka kama taarifa ya mapato na matumizi iliyofupishwa hadi maneno matatu. Tokeni ya Oklahoma inasema kwamba kodi ni ya kuwasaidia wazee. Ya New Mexico inataja kodi ya dharura ya shule. Louisiana ilikuwa na tokeni ya kodi ya ustawi wa jamii, nayo ilikuwa pia na nyingine iliyoandikwa kodi ya anasa, maneno yaliyotumiwa na Alabama vilevile. Ni anasa ya namna gani inayotozwa kwa sehemu ya kumi ya senti, kipande hakielezi. Lakini katika mfano wa Oklahoma na New Mexico pana jambo ambalo idara yoyote ya mapato ingefaa kulitazama mara mbili. Mkulima aliyeishika tokeni ile kaunta alisoma, kila aliponunua chumvi, fedha yake inakokwenda. Hakusubiri mkutano wa hadhara kuambiwa.

Pamoja na hayo yote, tokeni zilichukiwa. Ni vigumu kupata jambo la kodi lililokusudiwa kumtendea haki mnunuzi mdogo ambalo mnunuzi mdogo alilichukia kiasi hicho. Mikoba ilijaa vipande vyepesi visivyofaa kitu. Wenye maduka walihitaji kijaluba cha ziada katika droo ya fedha, na foleni zilirefuka kwa kuhesabu mili. Watoto walizichezea. Husimuliwa kuwa mafundi waligundua kipande chenye tundu hufaa kuwa washa ya msumari, tena kwa bei nafuu kuliko washa ya dukani. Mtu anaweza kuipigania haki yake katika mkutano na bado akachoka kuibeba mfukoni kila siku.

Njia iliyoziondoa ilikuwa jedwali. Sheria ziliruhusu muuzaji atumie orodha iliyopangwa kwa madaraja: manunuzi yaliyo chini ya kiasi fulani hayatozwi kitu, ya daraja linalofuata hutozwa senti moja, na kuendelea. Anayenunua kidogo sana aliponea. Aliye mwanzoni mwa daraja alizidishiwa kidogo, aliye mwishoni akapunguziwa. Haki ya kila kaunta ikabadilishwa kwa haki ya wastani, na watu wakaipokea kwa shukrani kwa sababu haikuwa na uzito mfukoni. Bei na viwango vya kodi vilipopanda, mili ikapoteza maana. Jimbo baada ya jimbo likaacha. Missouri, iliyoanza na vifuniko vya maziwa, ilikuwa bado ikitumia tokeni katika miaka ya 1950.

Jimbo la Ohio lilichagua njia nyingine, nayo inafaa kutajwa mbele ya wafanyabiashara waliomo ukumbini. Halikutoa tokeni bali stempu za kodi za karatasi, ambazo muuzaji alizinunua mapema serikalini. Kwa kila mauzo aliichana stempu, nusu akabaki nayo na nusu akampa mnunuzi. Nusu za wanunuzi ziliweza kukusanywa na shule, makanisa na vyama vya hisani na kurudishwa serikalini kwa malipo ya asilimia tatu ya thamani yake. Watoto wa shule wakawa wakaguzi wa kodi bila kujua, wakiwakumbusha wazazi wao wasiondoke dukani bila kipande cha karatasi. Nchini Tanzania wito wa kudai risiti umerudiwa kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2010 mashine za kielektroniki zimewekwa kwenye maduka. Ohio ilimpa mwananchi sababu ya kuidai risiti isiyokuwa hofu, na sababu yenyewe iligharimu senti tatu kwa kila dola ya kodi.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, tundu katikati ya kipande si jambo geni. Wazee waliomo humu wameshika ndururu na senti kumi zenye matundu, zilizotungwa kwenye uzi na kufungwa pembeni mwa kanga. Wachache watakumbuka kusikia kwamba nusu senti nayo iliwahi kuwapo. Mwaka 1908 ilipigwa nusu senti ya alumini, yenye tundu, kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda za Waingereza, kwa sababu ileile: bei za sokoni zilikuwa ndogo kuliko sarafu zilizokuwapo. Alumini ile haikustahimili unyevu, na mwaka uliofuata ikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tatizo lenyewe halijafa hata leo. Limevaa nguo nyingine. Mteja anayerudishiwa pipi au kiberiti badala ya chenji naye amepokea tokeni, isipokuwa hii haipokelewi mahali pengine popote.

Sasa kuhusu kukusanya. Chama cha wakusanyaji wa tokeni hizi kiliundwa Marekani mwaka 1971, na mwaka 1993 kikapatikana kitabu cha orodha kilichoandikwa na Merlin Malehorn na Tim Davenport, kinachoeleza tokeni na stempu pamoja na historia yake. Tokeni nyingi za majimbo huuzwa kwa chini ya dola moja, kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi usiohesabika. Anayetaka utajiri atafute kazi nyingine. Uhaba uko kwenye zile za miji na maduka, na kwenye zile za karatasi zilizoponyoka maji na moto.

Utunzaji wake hauna siri kubwa. Alumini isisuguliwe, kwa kuwa mng'aro unaopatikana ni jeraha. Zinki huota unga mweupe ikiwekwa penye unyevu. Vifuko vya plastiki laini, vile vinavyonuka vikiwa vipya, huharibu shaba kwa miaka; bahasha ya karatasi isiyo na asidi ni bora na ni rahisi. Karatasi ngumu ya Missouri ina adui wawili ambao kila mtunza stoo wa wilaya anawajua, nao ni unyevu na mchwa. Jambo la maana kupita hayo ni kuandika: kipande kimepatikana wapi, kwa nani, na aliyekitoa alisema nini. Tokeni isiyo na habari ni chuma. Maelezo ya bibi aliyeitumia kununulia uzi hayapatikani tena akishaondoka.

Hapa ndipo hotuba hii inaporudi nyumbani. Kodi ya maendeleo ilifutwa Tanzania mwaka 2003. Kabla ya hapo, mtu mzima alitembea na stakabadhi yake mfukoni, naye baba yake kabla yake alitembea na ya kodi ya kichwa, na asiyekuwa nayo alijua mahali pa kupita na mahali pa kukwepa. Zilikuwa karatasi dhaifu, zenye namba, tarehe, jina na saini ya karani. Ni ngapi zimebaki? Vitabu vya stakabadhi za ushuru wa soko, tiketi za mnada wa ng'ombe, vibali vya baiskeli, vyote hivi vimepita katika ofisi za wilaya, na kwa kawaida stoo ikijaa huchukuliwa kuwa takataka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haiiruhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu zake kwa hiari tu. Lakini sheria hulinda vilivyomo kwenye majalada. Stakabadhi iliyo katika sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee, au iliyokunjwa ndani ya kitabu cha dini, haina mlinzi isipokuwa mwenye nayo na mjukuu atakayeuliza ni nini.

Miji midogo ya Illinois haikuziweka tokeni zake. Waliozitafuta miaka thelathini baadaye walizikuta kwenye droo za cherehani, katika makopo ya vifungo, na nyingine bado zimepigiliwa misumari. Baadhi ya miji hujua leo kwamba iliwahi kutoa tokeni kwa sababu tu mgeni mmoja aliokota kimoja na kukisoma.

Maktaba imekubali kupokea, kwa muda au kwa kudumu, stakabadhi, tiketi na vibali vya zamani ambavyo wananchi watapenda kuvionyesha. Asiyetaka kuiacha yake ataandikiwa maelezo yake na kurudi nayo nyumbani siku hiyohiyo. Si lazima iwe safi, wala nzima.

Katika sanduku lililo mezani zimo tokeni tisa kutoka majimbo sita, nazo zitapitishwa kwa safu kuanzia walipoketi wanafunzi. Za alumini na za plastiki zinaweza kushikwa. Ile ya karatasi, kifuniko cha maziwa cha Missouri cha mili moja, iko ndani ya kioo. Ishikwe kwa pembeni, na aliyetoka kunywa soda afute vidole kwanza.